Sherehe za Mlango wa Herufi

Mhadhara uliotolewa Holili, Wilaya ya Rombo, mbele ya walimu, makarani wa mpakani na wanafunzi



Mji huu wa Holili mnamokaa, ulio mwisho wa barabara yetu na mwanzo wa barabara ya wenzetu wa Taveta, ni mahali ambapo hakuna mtu wala mzigo upitao pasipo kuulizwa. Na kwa kuwa tangu mwaka 2016 maofisa wa nchi mbili hukaa katika kituo cha pamoja, msafiri hushuka mara moja tu, akagongewa muhuri wa kutoka na muhuri wa kuingia mahali pamoja, kisha akashika njia yake. Nimeichagua Holili kwa mazungumzo haya, badala ya ukumbi wowote wa mjini, kwa sababu jambo nililokuja kulieleza ni jambo la mlangoni. Kila herufi iingiayo katika kompyuta hupita kituo cha namna hii, na katika kituo hicho yuko ofisa asiyeonekana, apokeaye kitufe kilichogongwa na kidole cha mwandishi na kuamua kitoke kikiwa herufi gani. Ofisa huyo ana sifa zake, lakini leo nataka kusema habari ya waraka uliobandikwa ukutani mwake, ule uwaambiao wageni nini hufanya, nini hafanyi, na jibu lake lichukuliwe kwa maana ipi. Waraka huo ndio niuitao sherehe.

Neno sherehe wengi wetu leo hulisikia tukakumbuka ngoma, pilau na mahema ya harusi. Lakini wanachuoni wa pwani walikuwa, na wangali, na sherehe ya namna nyingine, itokayo katika neno la Kiarabu sharh, yaani ufafanuzi wa maneno ya kitabu. Katika vyuo vya Lamu, Mombasa na Unguja haikuwa desturi kuisoma matini peke yake: matini ilikuwa fupi na nzito, sherehe ikaizunguka, na pambizoni mwa sherehe zikaandikwa hashiya za waliosoma baadaye, hata mwanafunzi akawa hutazama ukurasa mmoja akasikia sauti za watu watatu waliotengana kwa miaka mingi. Diwani za mashairi mnazozisoma shuleni nazo zina kurasa za sherehe mwishoni. Basi nilipotafuta jina la Kiswahili la maelezo yale yafuatanayo na programu, yamwambiayo fundi kila sehemu yake ina kazi gani, sikuona sababu ya kwenda mbali. Programu ni matini. Maelezo yake ni sherehe.

Kisa kilichonitia katika jambo hili si kikubwa, lakini kilinikaa moyoni. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza jirani yangu, mzee wa Kikamba aliyehamia upande wetu kwa biashara ya nafaka, kwenda kuchukua hati katika ofisi ambayo sitaitaja. Jina lake, ambalo hapa nalibadili kuwa Mũtua, huandikwa kwa u yenye kiwimbi juu yake, kwa maana Kikamba, kama Kikuyu, kina irabu saba, na zile tano za Kilatini hazitoshi kuzibeba. Hati ilipotoka, mahali pa jina palisomeka MÅ©tua. Karani, kijana muungwana asiye na kosa lolote, alifuta akaandika upya, na mashine ikarudia yale yale. Mwishowe akaandika Mutua pasipo alama, na mzee akatia sahihi jina lisilolingana na lile la cheti chake cha ubatizo. Siku hiyo na ya pili yake zikaishia njiani, katika kwenda na kurudi.

Sababu yake inaelezeka kwa maneno machache. Kompyuta haihifadhi sura ya herufi. Huhifadhi namba yake. Katika orodha ya Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, herufi ũ ina namba yake, na kwa utaratibu wa kuhifadhi uliozoeleka zaidi siku hizi namba hiyo huandikwa kwa baiti mbili; programu inayodhani kwamba kila baiti ni herufi kamili itaisoma ya kwanza kuwa Å na ya pili kuwa ©. Herufi ya mzee haikuharibika popote. Kilichokosekana ni maelewano baina ya sehemu iliyoiingiza na sehemu iliyoipokea, na maelewano ya sehemu za programu hayapatikani ila kwa sherehe, kwa sababu mafundi walioziandika aghalabu hawajuani wala hawatakutana.

Wajapani waliipata taabu hii mapema kuliko sisi, kwa kuwa lugha yao huandikwa kwa maelfu ya herufi ilhali kibodi ina vitufe mia moja na ushei. Mjapani akitaka kuandika neno linalotamkwa kami hugonga sauti yake kwa herufi za Kilatini, kisha huonyeshwa herufi kadhaa ili achague, maana kami ni karatasi, na ni mungu, na ni nywele, na kila moja ina herufi yake. Njia hii ya kugonga vitufe vichache na kupata herufi nyingi ndiyo niitayo njia ya kuingizia maandishi. Katika miaka ya 1990 Kenichi Handa na wenzake, waliokuwa katika taasisi ya utafiti ya serikali huko Tsukuba, walitengeneza Mule, nyongeza iliyoifanya programu ya kuandikia iitwayo Emacs ipokee lugha nyingi kwa wakati mmoja, na mwaka 1997 kazi hiyo ikaingizwa katika Emacs yenyewe, toleo la 20. Baadaye wakaona kwamba si haki elimu hii ifungiwe ndani ya programu moja, wakaitoa nje ikawa maktaba iitwayo m17n. Jina hilo ni mkato: neno la Kiingereza lenye maana ya kukifanya kitu kiwe cha lugha nyingi huanza kwa m, huishia kwa n, na katikati lina herufi 17.

Maktaba ya mafundi si ya vitabu. Ni ghala la maagizo yaliyokwisha kutengenezwa, ambayo fundi wa programu nyingine huyaazima badala ya kuyaandika upya, na kila agizo, lenye jina lake, lipewalo vitu na kurudisha jibu, huitwa fanksheni. Pamoja na fanksheni hizo, m17n ina hazina ya majalada, na katika majalada hayo kila lugha imeelezewa njia yake ya kuingizia. Jalada la njia ni fupi kuliko mnavyodhani. Hili nililiandika mwenyewe kwa ajili ya jirani yangu, nalo linatosha kumwandikia jina lake kwa herufi ndogo:

(input-method kam tilde)
(map (herufi ("i~" ?ĩ) ("u~" ?ũ)))
(state (init (herufi)))

Mstari wa kwanza unataja lugha, kwa alama kam iliyowekewa Kikamba duniani kote, na jina la njia. Wa pili unasema kwamba i ikifuatwa na kiwimbi iwe ĩ, na u vivyo hivyo. Wa tatu unasema kazi ianze kwa jedwali hilo. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulisoma, na ningependa alisome.

Lakini jalada ni sheria tu; atendaye ni ofisa, na fundi husema na ofisa kwa fanksheni. Huanza kwa minput_open_im, akataja lugha na jina la njia aitakayo. Kisha kwa minput_create_ic hufungua kile nilichokiita, kwa kukosa neno bora, baraza, kwa kuwa kila dirisha la kuandikia lina mazungumzo yake na hayapasi kuchanganyika na ya jirani. Na akimaliza hulifunga baraza, akaifunga na njia. Haya hayana taabu, na sherehe yake huandikwa kwa mstari mmoja mmoja. Taabu imo katika fanksheni mbili za katikati, minput_filter na minput_lookup, nazo ndizo zilizonikosesha usingizi.

Ile ya kwanza jina lake la Kiingereza lina maana ya kuchuja, nami nilipoanza kuiandikia sherehe ya Kiswahili niliandika pasipo kufikiri: huchuja kitufe. Shangazi yangu, ambaye alikuwa akichuja mbege uani huku mimi nikisoma maneno yangu kwa sauti, aliuliza: “Mwanangu, hapo machicha ni yapi na pombe ni ipi?” Sikuwa na jibu. Nilirudi katika matini nikaisoma tena, mstari kwa mstari, na nikaona kwamba hapana machicha wala pombe. Hakuna kinachotenganishwa na kingine. Fundi humpa ofisa kitufe, naye hujibu moja kati ya mawili. Akijibu 1, maana yake ni: nimekipokea, wewe kiache, na kwa sasa sina cha kukupa. Akijibu 0, maana yake ni: usikiache bado, njoo uniulize kwa minput_lookup, ukiwa na kitufe kile kile.

Ili maneno haya yasielee hewani, chukueni njia ya Kiamhari iliyomo katika hazina hiyo, ambayo Mwethiopia huitumia kuandika herufi zake za kale kwa kibodi ya Kilatini. Akitaka kuandika salamu yao, ሰላም, hugonga s, na papo hapo hutokea ስ. Lakini ofisa hawezi kuitoa herufi hiyo, kwa kuwa mwandishi huenda akagonga e, nayo igeuke ሰ, au agonge a, igeuke ሳ. Mpaka hapo maandishi yapo machoni lakini hayajatolewa, na kwa kawaida hupigiwa mstari chini. Kiingereza kina istilahi yake kwa hali hii, ngumu kuifasiri neno kwa neno. Mimi nimeyaita maandishi mabichi, na yakishatolewa nayaita yaliyoiva, na sijapata bado kumwona Mchaga, aliyezaliwa chini ya migomba, ambaye nililazimika kumweleza mara mbili. Ofisa hujibu 1 wakati maandishi yakiwa mabichi. Yakiiva tu, hujibu 0.

Na hapa ndipo nilipokosea, kosa ambalo nalieleza kwa sababu lilimgharimu mtu mwingine. Katika sherehe yangu ya kwanza niliandika kwamba minput_filter hurudisha 0 ikiwa kitufe hakikuguswa. Nayo minput_lookup, ambayo huyatoa maandishi yaliyoiva na kisha kurudisha 0 au -1, niliieleza kwamba ikirudisha -1 basi hakuna kitu. Kijana mmoja wa hapa Rombo, hodari na msikivu, alitengeneza programu ndogo ya kuandikia Kikamba kwa kufuata maneno yangu: penye -1 aliyatupa maandishi na kukiandika kitufe kama kilivyo. Jioni aliniletea ukurasa wa majaribio. Kila ĩ na kila ũ zilikuwa salama. Lakini i na u za kawaida zilikuwa zimetoweka zote. Aliandika Kilimanjaro, akapata Klmanjaro. Aliandika jina la mji huu, na karatasini palisomeka Holl.

Tulikaa mpaka usiku wa manane. Tazameni yaliyotokea. Kijana anapogonga i, ofisa haitoi, kwa kuwa huenda kiwimbi kikafuata na kuifanya ĩ. I hiyo ni mbichi, na jibu ni 1. Kisha kijana anagonga l. Hapo ofisa anajua kwamba kiwimbi hakiji tena, kwa hiyo i inaiva. Lakini l yenyewe haimhusu, kwa maana haimo katika jedwali lake. Basi jibu la minput_filter ni 0, na kijana akienda kuuliza kwa minput_lookup anapewa vitu viwili pamoja: maandishi, yaani i iliyoiva, na jibu -1, yaani kitufe hiki cha mwisho si changu, kishughulikie mwenyewe. Sherehe ya asili ilikuwa imelisema jambo hilo wazi, kwamba fanksheni hurudisha -1 ikiwa kitufe hakikushughulikiwa, hata kama maandishi yamepatikana. Nami nilikuwa nimeyaona maneno hayo ya mwisho kuwa ya ziada, nikayaacha.

Nilipoandika upya niligundua jambo ambalo sikulitarajia, nalo ndilo hasa nililowaletea leo. Kiingereza, katika sentensi za namna hii, hukitaja kitufe na maandishi kwa kiwakilishi kile kile kimoja, kisichobadilika, na msomaji sharti akisie kipi kinasemwa. Kiswahili hakimruhusu mwandishi kufanya hivyo. Kitufe kina ki- yake na maandishi yana ya- yake, na kila kitendo kikitamkwa husema kinamhusu nani. Nikiandika: kisiposhughulikiwa, yakiwa yamepatikana, yabandike kwanza, kisha kishughulikie, hakuna mwanafunzi wa darasa la tano atakayedhani kwamba maandishi ndiyo yasiyoshughulikiwa. Lau ningaliifikiri sherehe ile kwa Kiswahili tangu mwanzo, badala ya kuisoma kwa Kiingereza na kuikimbizia maneno, ngeli zenyewe zingalinizuia nisikosee, kwa kuwa zingaliniuliza: ni nini kisichokuwapo, ki au ya?

Watu husema mara nyingi, na husema kwa masikitiko, kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Istilahi zinatafutwa, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, pamoja na wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamezitafuta kwa bidii. Mwaka 2004 chuo hicho hicho kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu ambayo orodha zake zote za maagizo zilikuwa kwa Kiswahili, na kazi ile naiheshimu sana. Lakini ilimhudumia mwenye kuandika barua. Fundi, yule atakayefungua paa la nyumba na kubadili boriti, bado anasomeshwa kwa lugha ambayo aliijia shuleni akiwa mkubwa, na akikosea, kama nilivyokosea mimi, hajui kama amekosea programu au amekosea Kiingereza.

Mtaniuliza: na sisi wa Holili, ambao Kiswahili chetu huandikwa kwa herufi za kawaida, tuna haja gani na milango ya herufi? Haja ipo, tena mbichi. Anzeni na neno ng'ombe, ambalo katika vibali vya mifugo hapa mpakani huandikwa kila siku ya Mungu. Alama ile ndogo katikati yake ina sura tatu katika orodha ya Unicode: iko iliyosimama wima, ile ya kitufe cha kawaida, iko iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe zikidhani mwandishi anafunga mtajo, na iko ya tatu, iliyowekwa makusudi kuwa herufi na si alama ya uandishi. Machoni zinakaribia kuwa moja. Kwa kompyuta ni namba tatu mbalimbali, na karani atafutaye ng'ombe kwa alama ya kwanza hawezi kuambiwa kwamba wako ng’ombe wa alama ya pili, ila kama fundi alikumbuka kuzifanya ziwe moja. Njia ya kuingizia ingeweza kuondoa fitina hii mlangoni, kwa kuitoa alama moja siku zote; lakini ni alama ipi, hilo sherehe yake haina budi kulisema, kwa kuwa haliwezi kujulikana kwa kutazama. Na m17n imeacha nafasi kwa ajili hiyo: kila jalada laweza kubeba maelezo yake ndani yake, na fanksheni iitwayo minput_get_description huyatoa na kumpa mwenye kuandika, kwa lugha yoyote aliyoyaandika mwenye jalada.

Kisha tazameni lugha mnazozisikia sokoni kwenu. Kirombo, lugha ya mji huu, ambayo Derek Nurse aliiweka mahali pake katika uainishaji wake wa lahaja za Kichaga wa mwaka 1979, ina alama yake ya kimataifa, rof; Kivunjo ni vun, Kimachame ni jmc, Kipare ni asa, na Kitaita cha ng'ambo ya mpaka ni dav. Lugha hizi zote zimo katika hazina ya Unicode ya desturi za lugha na nchi, humo ambamo majina ya siku na miezi huhifadhiwa, nazo ziliingia kwa juhudi ya kuziandikia lugha 100 za Afrika. Kwa hiyo kompyuta inayojua mweri, yaani mwezi, wa Kirombo ipo tayari. Kimaasai nacho kimo, na herufi kama ɔ na ɨ ambazo hakuna kibodi ya dukani iliyo nazo, na ambazo wanaisimu wanazihitaji tangu siku za sarufi ya Tucker na Mpaayei ya mwaka 1955. Toni za Kichaga, ambazo hubeba maana na ambazo hatuziandiki kwa kawaida, nazo zinamngojea mwandishi wa kamusi. Hazina imeshajengwa. Milango ndiyo michache, na wenye kuielewa kwa lugha yao ni wachache zaidi.

Pwani wana haja kubwa kuliko yetu, kwa kuwa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla hakijaandikwa kwa Kilatini, na urithi huo ungali katika miswada ambayo watu wanataka kuinakili ndani ya kompyuta. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefanya kazi pamoja na W. E. Taylor katika karne ya 19, na baada yake Sheikh Yahya Ali Omar, aliyeandika na P. J. L. Frankl makala ya mwaka 1997 kuhusu jambo hili hili, waliishughulikia kwa kina namna ya kuzipatia herufi zile sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina, kama p, ch na v. Kimvita, fauka ya hayo, hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa pumzi tu. Atakayetengeneza njia ya kuingizia maandishi hayo atalazimika kuamua kama kitufe cha p kitoe herufi moja au mbili, na pumzi igongwe wapi, na uamuzi huo ukikosa sherehe, kila mnakili atakuwa na hati zake ambazo mwenziwe hawezi kuzitafuta. Nalipita jambo hili haraka, si kwa kulidharau. Lina wenyewe, wajuao kuliko mimi.

Nirudi Tsukuba, maana nimeweka akiba jambo moja. Ukilifungua jalada la matini ya m17n, mahali pa fanksheni hizi, utaona kwamba sherehe haikuwekwa katika kitabu cha mbali. Imeandikwa juu ya fanksheni yenyewe, kama hashiya ya ukurasa wa wanachuoni. Na imeandikwa mara mbili. Fungu moja huanza kwa mkwaju, nyota tatu na herufi en, kisha yakafuata maelezo ya Kiingereza. Fungu la pili huanza kwa mkwaju, nyota tatu na herufi ja, yakafuata maelezo ya Kijapani. Watu wale walijua Kiingereza vya kutosha kuwaandikia walimwengu wote, hata hivyo hawakuona kwamba kujua huko kunawaondolea wajibu wa kuiandika elimu yao kwa lugha ya mama zao, mahali pale pale, kwa kipimo kile kile, fanksheni kwa fanksheni. Nilipoliona hilo mara ya kwanza niliiacha kazi niliyokuwa nikiifanya, nikatoka nje nikasimama kitambo nikiutazama Mawenzi.

Maktaba hii hutolewa kwa leseni iruhusuyo mtu yeyote kuinakili na kuiongezea. Hakuna mlango wa kubisha. Mahitaji yetu ni fungu la tatu, lianzalo kwa mkwaju, nyota tatu na herufi sw, na watu wa kuliandika ambao watakubali kusahihishwa. Nimeanza na zile fanksheni mbili, na ya pili nitawasomea kama ilivyo sasa, baada ya masahihisho ya yule kijana, ambaye ameketi hapo nyuma na hapendi nimtaje:

“Hutwaa maandishi yaliyoiva katika baraza ulilolitaja, na kuyaunga mwishoni mwa maandishi uliyoyaleta. Hurudisha 0 ikiwa kitufe kimeshughulikiwa na njia ya kuingizia. Hurudisha -1 ikiwa hakikushughulikiwa, ijapokuwa huenda maandishi yamepatikana. Yakipatikana, yabandike kwanza. Kisha kishughulikie kitufe mwenyewe.”

Neno mabichi nimelikubali, na neno twaa nimelikubali. Neno baraza bado linanitia shaka, kwa kuwa baraza ni mahali pa watu wengi, na hapa wanaozungumza ni wawili tu, mwandishi na ofisa wake. Mwenye neno bora na asimame, kalamu ninayo.